Wino Mwekundu Katika Kuta za Kinyala

Walimu vijana wa shule niliyoiacha wameniomba niandike namna tulivyokuwa tukiwaandaa watoto kwa mitihani ya Kiingereza ya kuingilia sekondari, katika miaka ile ambayo watu waliiita ya ruksa. Nimestaafu yapata miezi mitatu sasa. Muda ninao, meza ninayo, na mvua ya hapa Makandana, Tukuyu, hainipi udhuru wa kutoka nje. Sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa nilivyopata vilikuwa vidogo na nilivyokosa havistahili wino. Wala za mshahara, ambao kila mwalimu anaujua bila kuambiwa. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na sehemu kubwa ya maandishi haya nitaitumia kwa kosa moja. Mazuri yangu, ikiwa yapo, mtayasikia kwa wengine. Kosa hili hakuna alijuaye sawasawa ila mimi na mtu mwingine mmoja.

Niliingia ualimu nikitokea seminari, ambako nilisoma Kilatini kwa miaka minne kabla ya kutambua kwamba nilichokipenda katika ibada kilikuwa ni sarufi yake. Siku ya kwanza nilipangiwa darasa la sita. Niliingia nimenyoosha shati, nikafundisha dakika arobaini kwa Kiingereza kitupu, sauti juu, bila kukosea hata kiambishi. Mwishoni nikauliza nani ameelewa. Mikono yote ikainuka. Nikauliza wameelewa nini. Mikono yote ikabaki juu vilevile, imetulia kama miti.

Mwalimu Ambilikile alikuwa amesimama dirishani akinisikiliza. Alikuwa mwalimu mkongwe wa Kiingereza pale shuleni, mtu mfupi, mpole, mwenye koti moja la majira yote. Nilipotoka akanishika mkono.

"Umehubiri vizuri, kijana," akasema. "Kesho anza kufundisha."

Huyu ndiye aliyenifunza kazi. Aliniambia kwamba mtoto hajalijua neno mpaka alikosee mbele yako na wewe umrudishe. Alikuwa akitoa maneno kumi na mawili kwa siku, hakuzidisha hata moja, na kila neno lilipaswa kukaa ndani ya sentensi ambayo mtoto mwenyewe ameitunga kuhusu jambo alilolifanya nyumbani: ndama, chai, ndizi, mdogo wake aliyeungua. Lakini fundisho lake kubwa lilihusu kusahihisha. Alichukia mkasi, ile alama ya kosa iliyoachwa peke yake. "Ukimwandikia mtoto mkasi bila kumwandikia jibu," alikuwa akisema, "umemtukana tu, hujamfundisha." Kwa hiyo kila kosa tulilikata kwa mstari mwembamba, na pembeni yake tukaandika jibu sahihi kwa wino mwekundu, kwa herufi za kuchapisha, ili hata aliye chini ya daraja lake aweze kulisoma. Nilishika kanuni hiyo kwa uaminifu wa mtawa. Karatasi mia, moja baada ya nyingine, nilizisahihisha hivyo, jibu kwa jibu, na sikuona uchovu.

Zana zetu za awali zilikuwa chache. Ubao tuliupaka weusi wa betri kuukuu zilizopondwa na kuchanganywa na majani. Chaki tulizikata vipande vitatu. Imla haikuwezekana tangu Machi mpaka Mei, kwa kuwa mvua yetu ikipiga bati hata kengele haisikiki. Miezi hiyo nilifundisha kwa kuandika, na watoto wakajifunza kunitazama midomo. Kamusi ilikuwa moja, haina herufi mbili za mwisho. Nilikuwa nikisema kwa mzaha kwamba wanafunzi wangu hawakuwahi kumwona pundamilia kwa Kiingereza.

Kisha ikaja ruksa. Maduka ya Bulyaga, yaliyokuwa na rafu tupu na mwenye duka aliyesinzia, yakajaa sabuni, redio, mitumba na kalamu za rangi nne. Ushirika wetu ukafifia, na katika stoo yake tukaokota mashine ya kurudufu ya mkono, imevaa utando wa buibui lakini mkono wake ungali unazunguka. Pamoja na hayo yote yakaja mashindano. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno kwa wilaya nzima. Sasa zikaanza kufunguliwa shule za makanisa na za wazazi, nazo zikaweka mitihani yao ya kuingilia, na mitihani hiyo ilikuwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili alipaswa kuketi asubuhi moja na kujibu maswali hamsini ya msamiati na sarufi ya lugha ambayo hakuna aliyeizungumza nyumbani kwao, wala jirani, wala kanisani. Shule moja ya kanisa iliyokuwa karibu nasi ilikubali watahiniwa kumi tu kutoka kila shule ya msingi. Kuwachagua hao kumi ilikuwa kazi yangu.

Stensili, zile karatasi za nta za mashine ya kurudufu, nilizinunua kwa Mzee Sefu pale Bulyaga. Wazee wake walitoka pwani zamani, na yeye alikuwa fundi wa taipureta na saa, mwenye ulimi mkali kuliko bisibisi zake.

"Mwalimu, stensili tano zote?" aliniuliza siku ya kwanza. "Unachapa Kurani au mtihani?"

"Mtihani, mzee."

"Basi sikiliza nikuambie siri ya kazi. Ukimaliza kuchapa usiitupe. Ifute kwa gazeti, taratibu, kama unamfuta mtoto makamasi, kisha uilaze katikati ya magazeti mawili mahali pakavu. Itakuzikia hata wajukuu."

"Mahali pakavu Tukuyu ni wapi, mzee?"

"Kifuani kwako, Mwalimu. Mimi naona pamekauka."

Nilifuata ushauri wake. Nilitunga karatasi tano, kila moja maswali hamsini ya kuchagua jibu na kujaza nafasi. Zilinichukua muda, na hapa mniruhusu kuwa mrefu kidogo, kwa kuwa jambo hili bado mnalikosea. Vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi, visiokotwe ovyo. Vitoke katika makosa halisi ya watoto wenu. Jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine. Swali lisiulize mambo mawili. Karatasi nne za kwanza nilizitumia kwa zamu katika mtihani wa kila Ijumaa. Ya tano ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, nikaiita hivyo hivyo, Karatasi ya Tano, nikaitumia mara moja tu kwa mwaka, kuwachagua watahiniwa kumi. Stensili yake niliifuta kwa gazeti na kuilaza mahali pakavu, na mwaka uliofuata ilichapa kama mpya. Nilijivunia uangalifu huo. Shule nyingine zilikuwa zikiandika mtihani ubaoni, nusu ya darasa haioni.

Nyumba nyingi za Kinyala, ilipokuwa shule yetu, wakati huo zilikuwa za matofali mabichi au udongo, na ndani watu walibandika karatasi ukutani kwa uji wa unga, kuzuia vumbi na ule ubaridi wa Juni unaopenya kila ufa. Magazeti yalikuwa adimu, na karatasi za mitihani zilikuwa nene na nyeupe. Katika mkutano mmoja wa wazazi nilisimama, nikasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Karatasi iliyosahihishwa isifungie chumvi wala isiwashe moto. Ibandikeni mahali ambapo mtoto ataiona kila siku." Walipiga makofi. Wakafanya kama nilivyowaagiza.

Kila mwaka alama za Karatasi ya Tano zikawa zinapanda. Mwaka wa kwanza aliyeongoza alipata thelathini na tatu. Baada ya hapo kiwango hicho hakikutosha hata kuingia katika kumi bora. Niliamini kwamba nimeiva katika kazi. Jambo lililonisumbua lilikuwa moja: kwa kadiri alama zetu zilivyopanda, ndivyo waliochukuliwa na ile shule ya kanisa walivyopungua. Sita, kisha wanne, kisha watatu. Shule ile haikuwa ikitoa alama. Ilibandika majina tu. Nami nikalaumu watoto wa mjini Mbeya waliokuwa wakisoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na wazazi wakakubaliana nami, kwa sababu kulaumu Mbeya ni jambo lisilochosha.

Katika darasa la saba la mwaka ninaouzungumzia walikuwamo watoto wawili ninaopaswa kuwataja. Wa kwanza ni Lugano, mtoto wa tatu wa nyumba yao, mnyamavu, safi, mwenye mwandiko wa kupendeza. Wa pili ni Atupele, kifungua mimba wa Mzee Asukile, mkulima wa chai. Atupele alikuwa na kero moja: hakukubali jibu bila sababu yake. Wenzake walimtania wakamwita "Kwa Nini." Baba yake alikuwa amekuja shuleni mwanzoni mwa mwaka, akasimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi, akanieleza msimamo wake bila kuuzungusha.

"Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Mtoto akipita mtihani wa hao watu wa kanisa, nitauza ng'ombe, atasoma. Asipopita, chai inamngoja. Ana wadogo wanne."

"Nimekuelewa, Mzee Asukile."

"Haya. Mimi nimekuachia wewe."

Siku niliporudisha Karatasi ya Tano, Lugano alikuwa amepata arobaini na tisa. Watoto walipiga meza kwa furaha. Atupele alikuwa na thelathini na nne, nafasi ya kumi na tano. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Namba thelathini na moja, Lugano amepata. Nimemwuliza kwa nini jibu ni hilo. Amesema ndivyo lilivyo."

Darasa likacheka. "Kwa Nini ameanza!" akapaza sauti mmoja nyuma. "Muulize na mvua kwa nini inanyesha!"

"Wengine wote niliowauliza nao wamesema ndivyo lilivyo," Atupele akaendelea, sauti imeshuka. "Hakuna anayejua kwa nini."

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha ya alama zile. Nikamwambia: "Wivu, binti yangu, haupandishi alama. Keti."

Akaketi. Majina kumi yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na orodha nzima ya alama, kama ilivyokuwa desturi. Jumapili yakasomwa kanisani, na barua ikapelekwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa kina Lugano kuwapongeza wazazi. Mama yake alinipokea uani akiwa na unga mikononi.

"Mugonile, Mwalimu! Karibu, karibu jikoni, ndiko kwenye joto. Usitazame kuta, si za mjini hizi."

"Ndaga fijo, asante sana, mama. Mimi mwenyewe si wa mjini."

Aliniwekea sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage na kikombe cha maziwa ya mgando. Katoto kao ka mwisho, binti wa miaka kama mitano ambaye hajaanza shule, kalikuwa kamekaa kando yangu kakila kwa mkono mmoja na kuufuata ukuta kwa kidole cha mkono mwingine.

"Mama, nimwonyeshe Mwalimu ninavyosoma?"

"Mwonyeshe, lakini usimwagie maziwa."

"Namba moja, *since*. Namba mbili, *for*. Namba tatu, *has been*. Namba nne, *neither*…"

"Huyu naye atakuwa mwalimu!" mama akacheka. "Kila akila lazima asome ukuta. Nimemwambia chakula kitaingilia puani. Na kaka zake walikuwa hivyo hivyo. Lugano ndiyo usiseme, ukuta wote uko kichwani."

Nikainua macho. Karatasi zilikuwa zimebandikwa kwa mpangilio, pembe kwa pembe, na moshi ulikuwa umezigeuza rangi ya chai. Juu kabisa ilikuwamo ya kaka mkubwa, aliyemaliza miaka mitatu nyuma. Chini yake ya yule wa pili. Na chini yao ya Lugano mwenyewe, ya wiki iliyopita, uji wake haujakauka. Zote tatu zilikuwa Karatasi ya Tano. Nilizitambua kwa maswali yake, na kwa herufi "e" ya taipureta yetu, ambayo jicho lake lilikuwa limeziba. Na kando ya kila kosa la kaka mkubwa lilikuwapo jibu sahihi, kwa wino mwekundu, kwa herufi za kuchapisha, zinazosomeka hata na aliye chini ya daraja lake. Ulikuwa mwandiko wangu.

Hakuna aliyeiba kitu. Hili nataka mlielewe vema. Hakuna mtoto aliyepewa majibu kwa siri wala mzazi aliyetaka kudanganya. Watoto walikula, walitazama ukuta, walikariri kama wanavyokariri nyimbo. Kisha siku moja wakawekewa mezani kile walichokisoma ukutani kwa miaka, wakakiandika kwa moyo mweupe. Niliyewapa ni mimi.

"Mbona huli, Mwalimu?" mama akauliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba kwa kusoma?"

Nikajilazimisha kula. Nikamwuliza kama nyumba nyingine nazo zimebandika. Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe ulituagiza? Mwenye watoto wengi ana ukuta mzima. Nyumba isiyo na karatasi zako za zamani ni ya yule ambaye mtoto wake wa kwanza ndiyo kwanza yuko la saba."

Nilitembea kurudi nikiwa nimelijua jibu la swali la Atupele. Yeye hakuwa na kaka wala dada wa kumtangulia. Ukuta wa kwao haukuwahi kuwa na Karatasi ya Tano. Thelathini na nne zake zilikuwa alama pekee za kweli kati ya zile za juu, na mwaka wa kwanza wa karatasi ile zingemfanya awe wa kwanza.

Jumamosi na Jumapili nilitunga karatasi mpya, nikakata stensili upya. Jumatatu mchana niliwabakiza wale kumi, nikawaambia ni zoezi la nyongeza. Lugano alipata kumi na tisa. Aliyemzidi alikuwa na ishirini na mbili. Wa mwisho alikuwa na tisa. Lugano alinirudishia kalamu, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hii imetoka wapi?"

Ningeweza kwenda kwa Mwalimu Mkuu siku hiyo hiyo. Alikuwa Mama Tusajigwe, mwanamke mwadilifu, mkavu wa maneno, ambaye asingenipigia kelele. Sikwenda. Nilijiambia kwamba barua imekwishapelekwa na majina yamesomwa madhabahuni. Kwamba wazazi wameshachinja majogoo. Kwamba wiki tatu zilizobaki zinatosha kuwafundisha wale kumi upya. Mwenye hofu hakosi hoja. Nikawafundisha kila siku mpaka jua lilipojificha nyuma ya Mlima Rungwe, nikawafundisha kwa namna ya Mwalimu Ambilikile, maneno kumi na mawili, ndama na chai na ndizi. Lakini wiki tatu hazibomoi ukuta wa miaka mitatu.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe. Binti mmoja kati ya wale kumi alihamia Mbeya pamoja na baba yake, karani. Shule ya kanisa ikakubali tupeleke jina jingine. Mama Tusajigwe aliniita ofisini, fomu iko mbele yake.

"Mwalimu, nani wa kumi na moja?"

"Mama, nilikuwa nafikiria Atupele wa Mzee Asukile."

Akaiangalia orodha. "Atupele ni wa kumi na tano. Wa kumi na moja ni Ipyana, alama arobaini na tatu. Orodha iko ubaoni, kila mzazi ameiona. Nikimruka Ipyana, baba yake atakuwa hapa kabla chai haijapoa. Nitamwambia nini?"

"Atupele anaelewa zaidi, mama."

"Anaelewa zaidi kwa kipimo gani? Kipimo si chako?"

Nilikiangalia kidole chake juu ya fomu. Kumjibu kungehitaji kueleza kuta. Kueleza kuta kungebatilisha orodha ya mwaka huo, na ya mwaka uliotangulia, na ya kabla yake. Na wazazi waliokuwa wakinisalimia kwa mikono miwili wangejua kwa nini watoto wao hawakuchukuliwa.

"Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza aliongea kwa upole, "kama kuna sababu, niambie sasa. Nitaibeba pamoja nawe."

"Hakuna sababu," nikasema. "Andika Ipyana."

Akaandika.

Watahiniwa kumi walikwenda. Alichukuliwa mmoja, naye hakuwa Ipyana wala Lugano. Lugano alilia siku mbili, mama yake akaniambia, kisha akaenda kujifunza useremala, na nasikia ni fundi mzuri. Matokeo ya darasa la saba ya serikali yalipotoka, Atupele alikuwa amefaulu lakini hakuchaguliwa, maneno mawili ambayo katika nchi yetu yamewahi kukaa pamoja bila aibu. Sheria haikuruhusu kurudia darasa, na ile shule ya kanisa haikupokea mtahiniwa asiyetoka darasani mwaka huo.

Stensili ya Karatasi ya Tano niliichana. Tangu hapo, mpaka siku niliyostaafu, sikutoa darasani karatasi moja mara mbili. Ndiyo sababu mliniona nikitaipu kila Alhamisi, mkanicheka kwamba taipureta ndiye mke wangu. Niliendelea kuandika majibu kwa wino mwekundu, kwa kuwa kanuni ya Mwalimu Ambilikile haikuwa na kosa. Aliyekosa ni aliyedhani kwamba kipimo kikitunzwa vizuri hakichakai. Nendeni mkazione nyumba za wanafunzi wenu kabla hamjaziamini alama zao. Kwa upande wangu niliingia jikoni mwao nikiwa nimechelewa, tena niliingia kupongeza.

Baada ya matokeo kutoka nilikwenda Kinyala, nikiwa na nakala ya ile karatasi mpya mkobani. Mzee Asukile alikuwa shambani. Atupele nilimkuta kibarazani, kikapu cha majani mabichi ya chai kimejaa kando yake, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nilikataa kiti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kuta, wino, orodha, fomu, na kile nilichoulizwa na Mama Tusajigwe na nilichokijibu. Sikupunguza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba anajua?"

"Bado. Nitamwambia."

"Usimwambie. Ng'ombe ameshauzwa, bati limenunuliwa. Atakasirika bure." Kisha akautazama mkoba wangu. "Hiyo karatasi mpya unayo?"

Nikampa. Alifuta mikono kwenye kanga, akaketi sakafuni, akaifanya juu ya ubao wa kukatia mboga. Nilisimama nikisikiliza kalamu. Sikumwambia muda, wala hakuniuliza. Alipomaliza nikaisahihisha palepale, kwa utaratibu wangu uleule. Alama arobaini na sita. Kati ya wale kumi hakuna aliyefikia hata nusu yake katika karatasi ile, na hata walimu niliowajaribu baadaye hawakuzifikia.

"Arobaini na sita," nikamwambia.

"Naipeleka wapi, Mwalimu?"

Lugha nne ninazo, na katika zote sikuona neno la kulizunguka jambo hilo. "Huipeleki popote, binti yangu. Hakuna pa kuipeleka."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo ameshaisikia. Akaisogeza karatasi karibu yangu, akaweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Haya, nieleze hayo manne niliyokosa. Si majibu, nimeshayaona. Kwa nini yake."

Nikaketi chini. Tukalifanya la kwanza, na la pili, na alipolielewa la tatu alicheka peke yake, kicheko kifupi cha kushtukiza. Nilikuwa nimeanza kulisoma la nne wakati gari la kukusanya majani ya chai lilipopiga honi kule barabarani. Akainuka, akajitwisha kikapu mgongoni, akaniomba radhi, akashuka haraka, kwa sababu gari lile halisubiri mtu.

La nne sikuwahi kumfundisha.